Kabla ya Tangazo la Tatu

Jumatatu, 2 Juni. Ubaruku

Daftari hili nimepewa na Prisca, mchumba wangu, pale Ilula barabarani, katikati ya ndoo za nyanya za mama yake. Prisca anafanya kazi Mgololo, kwenye kiwanda cha karatasi, na karatasi anazijua. Alipitisha kidole ukingoni mwa kurasa akasema hii haitavuja wino. Ametoa sharti moja. Niandike msimu wote wa mpunga, nimkabidhi daftari siku ya harusi yetu, Jumamosi tarehe 2 Agosti.

"Usiandike ya kunifurahisha," alisema. "Andika yaliyokuwepo."

Basi yaliyopo ni haya. Mimi Liberatus, umri miaka ishirini na sita, karani wa mizani katika kinu cha mpunga cha Mzee Masumbuko. Leo tumepokea magunia mia moja na arobaini, na kila moja nimelipima mara mbili. Masanja, nyapara wa wabebaji, ameniambia karani wa mwaka jana alikuwa anapima mara moja tu na mpunga haukuwahi kupungua.

Jumatano, 4 Juni

Magunia mia na tisini. Vumbi la pumba hadi kwenye chai.

Ijumaa, 6 Juni

Wabebaji wakifika kwenye mizani huliangusha gunia ukingoni mwa bamba la chuma, wakageuka kufuata jingine. Gunia la ukingoni halipimiki sawasawa. Mikono yangu imeshika kitabu na kalamu, kwa hiyo nalisogeza kwa ubavu wa mguu mpaka likae katikati. Devota, dada anayetupikia wali na maharage, ameona hivyo, na sasa kila akipita na sinia ananiigiza: shingo imenyooka, kalamu hewani, mguu unasukuma. Wabebaji wameshampa wimbo. "Sogeza, karani, sogeza."

Mimi sichezi. Nafanya kazi.

Jumanne, 10 Juni

Kuna jambo. Sitaliandika.

Ijumaa, 13 Juni

Jambo bado lipo.

Jumapili, 15 Juni

Nimetoka misa. Padri wa hapa amehubiri juu ya ukweli kwa dakika arobaini, na muda wote nilikuwa naliona daftari hili mbele ya macho yangu.

Yaliyokuwepo, basi. Naumwa kinena, upande wa kulia, pale paja linapoungana na mwili. Maumivu hushuka ndani ya paja na mara nyingine hupanda kidogo kuelekea mahali ambapo mwanaume hapendi maumivu yapande. Mchana huuma zaidi. Asubuhi ni kidogo. Nimeshindwa kuuliza mtu yeyote, kwa hiyo nimeuliza simu. Imenipa magonjwa kumi na mawili. Nimeyaandika nyuma ya kitabu cha mizani kwa mpangilio wa alfabeti, maana sikujua nianze kuogopa lipi.

Prisca anataka watoto wanne. Majina ya wawili ameshayachagua.

Jumatano, 18 Juni

Magunia mia mbili na kumi. Nimekohoa mara kumi mbele ya kioo nikitafuta uvimbe wa ngiri kinenani. Sijauona. Simu inasema waweza usionekane.

Masanja amenikuta nakohoa. Huyu ni mtu wa miraba minne. Baba yake aliingia bonde hili la Usangu na ng'ombe kutoka Shinyanga kabla yeye hajazaliwa, na yeye hubeba gunia la kilo mia huku anasimulia hadithi. Kabla ya kazi hujifunga kitenge kiunoni, anakikaza mpaka mishipa ya shingo inasimama. Wengine wanasema ni urembo.

"Kikohozi hicho, karani?"

"Vumbi."

"Kunywa maziwa. Ninyi watu wa nyanya hamna mafuta kifuani."

Jumamosi, 21 Juni

Siku ya mnada wa ng'ombe. Kulikuwa na mtu wa dawa juu ya gari, ana kipaza sauti.

"Ndugu mwananchi, kiuno kinauma? Ngiri hiyo. Tumbo linanguruma ukiwa ukweni? Ngiri. Unapanda ngazi unahema? Ngiri. Na wewe kijana uliyesimama na karatasi, paja linauma hapa ndani? Baba, nyumba yako itakosa watoto."

Mtu mwenye karatasi nilikuwa mimi. Nilinunua chupa mbili.

Jumatatu, 23 Juni

Sikwenda kazini. Nilikuwa chooni.

Jumanne, 24 Juni

Vilevile. Paja halikuuma hata kidogo. Nadhani dawa imeua mshipa.

Jumatano, 25 Juni

Nimerudi kazini, magunia mia mbili. Limeuma. Mshipa haukufa. Sijui kama nifurahi.

Jumapili, 6 Julai

Leo ndoa yetu imetangazwa parokiani Ilula, tangazo la kwanza. Dada yangu Jackline amerekodi kwa simu akanitumia. Sauti ya Padri Faustin: Liberatus mwana wa fulani, na Prisca binti wa fulani, wanakusudia kufunga ndoa takatifu. "Mwenye kujua kizuizi chochote, anawajibika kumweleza paroko." Watu walishangilia hadi rekodi ikakwaruza.

Nimesikiliza mara sita. Neno linalonirudia ni "anawajibika".

Mwenye kujua kizuizi ni nani, kama si mimi?

Jumatatu, 7 Julai

Sabasaba. Kinu kimefungwa. Sikuumwa kutwa nzima. Nimeogopa zaidi; labda pamekufa ganzi.

Alhamisi, 10 Julai

Magunia mia mbili na thelathini. Nachechemea. Devota ameongeza kuchechemea kwenye dansi lake, na ukweli ni kwamba limependeza zaidi. Wabebaji kumi na wawili wamejipanga mstari nyuma yake. Nilicheka kabla sijakumbuka kuwa ninachekwa mimi.

Jumapili, 13 Julai

Tangazo la pili.

Prisca, ukifika ukurasa huu, ujue kwamba leo asubuhi nilikusudia kukuacha huru. Niliandika barua tatu. Ya kwanza ilikuwa ndefu mno, ya pili ilinitoa machozi, ya tatu ilikuwa na kosa la tarehe. Kisha nikaona njia ya haki ni ile iliyotangazwa. Nikampigia Padri Faustin.

"Padri, mimi Liberatus. Ndoa yangu imetangazwa leo."

"Najua, nimeitangaza mwenyewe."

"Nimepiga kutoa taarifa ya kizuizi."

"Kizuizi cha ndoa ya nani?"

"Yangu."

"Una mke mwingine?"

"Hapana, Padri."

"Prisca ni ndugu yako wa damu?"

"Hapana."

"Umelazimishwa?"

"Hapana. Nampenda mno."

"Sasa?"

Nikamweleza. Upande wake nilisikia kuku wakitetea. Nilipomaliza aliuliza daktari amesemaje. Nikasema sijaenda. Akauliza, basi nani kasema hutapata watoto?

"Mtu wa kipaza sauti, mnadani."

Padri alikohoa muda mrefu. Sidhani kama alikuwa na kikohozi.

"Sikiliza, mwanangu. Kukosa watoto si kizuizi cha ndoa, hilo la kwanza. Halafu wewe hujui kitu, unaogopa tu, na hofu siwezi kuiandika kwenye kitabu cha parokia. Tangazo la tatu ni Jumapili ijayo. Kabla ya hapo uonwe na daktari, na umwambie Prisca. Ukishindwa hilo la Prisca, hapo sasa ndipo nitakuwa na wasiwasi na ndoa hii."

Jumanne, 15 Julai. Usiku, baada ya Mbeya

Hapa Ubaruku nesi wa zahanati ni shemeji yake Devota, kwa hiyo nimekwenda Mbeya mjini. Masanja alitumwa kununua mkanda wa mashine, tukapanda basi moja. Nilimdanganya nafuata vitabu vya stakabadhi. Tuliposhuka akanitazama ninavyotembea, akasema, "Vitabu hivyo viko hospitali gani? Twende nikusindikize."

Dirishani nilimwomba nesi daktari mwanaume. Akasema yupo, ila ni wa macho.

Daktari aliyekuwepo ni mama wa makamo, Daktari Catherine Kalinga. Aliposoma jina langu akanisalimu kwa Kihehe, "Kamwene. Wewe wa kwetu Iringa?" Nusura nitoke. Akanieleza kwamba ya mgonjwa hayavuki mlango ule, hata mgonjwa akiwa mtoto wa mama yake mdogo. Nikatoa orodha yangu ya magonjwa kumi na mawili. Aliisoma yote, akasahihisha tahajia ya mawili, akaniuliza maswali yake.

Yalianza ghafla au polepole? Polepole. Homa? Hapana. Mkojo unachoma? Hapana. Damu? Hapana. Maumivu yanaanzia mgongoni ubavuni na kuja kwa mawimbi? Hapana. Kutapika? Hapana. Akanipima. Kwanza nikohoe nimesimama, vidole vyake vikiwa pale kwenye mpindo. Hakuna kitu kilichosukuma. Akapima na korodani, nami nikasoma kalenda ya ukutani kwa bidii kubwa. Hazikuuma wala kuvimba. Kisha nikalala, akaweka ngumi katikati ya magoti yangu.

"Ibane."

Nikaibana, nikaruka.

"Hapo?"

"Hapo hasa."

"Na ukipumzika Jumapili?"

Nikafungua daftari hili nimsomee. Jumapili haliumi. Sabasaba halikuuma. Siku za chooni halikuuma. Nilisoma mwenyewe kwa sauti yangu mwenyewe, na nikaona haya.

"Unanyanyua nini kazini?" akauliza.

"Sinyanyui. Mimi naandika tu."

Nyuma ya pazia la mlango Masanja akasema, "Daktari, uliza mguu." Kisha akaingia bila kukaribishwa, akanyoosha shingo, akashika kalamu ya hewani, akacheza dansi la Devota lote, na kuchechemea kwake.

Daktari alikaa chini. Alipoweza kusema aliniuliza magunia mangapi kwa siku. Nikamwambia mia mbili, na zaidi. Kila moja kilo themanini, tisini. Kwa mguu uleule.

"Mwanangu, huo ni msuli wa ndani ya paja. Umeuchosha kwa kuusukumiza mpunga wa Usangu wote. Watoto utapata kama Mungu akijalia. Msuli huu hauhusiki." Akaniandikia pumziko kwa mguu, kitambaa cha maji baridi, kisha mazoezi mepesi, na wabebaji waliweke gunia katikati wenyewe. Halafu akaacha kucheka, akanitaka niandike, na nimeandika. Ukiona uvimbe kinenani, mkojo ukichoma, au homa, rudi. Korodani ikiuma ghafla, kimbia saa ileile. Na mtu mwenye uvimbe uliokuwa unarudi ndani, ukikataa kurudi, ukawa mgumu, na anatapika, huyo hasubiri hata chai ichemke, wala msimkandamize uvimbe kuurudisha.

Tukiwa tunatoka akamtazama Masanja kiunoni. "Na wewe mbona umejikaza hivyo?"

"Baridi ya Mbeya, daktari."

"Rudi ndani nikuone."

"Basi litaniacha," akasema, naye akawa ameshafika getini.

Njia nzima nilicheka peke yangu kama mtu aliyerudishiwa kitu. Masanja alicheka pia, akisema, "Msuli. Mwezi mzima karani analia msuli." Tulipofika Igawa alikuwa amenyamaza, mkono juu ya kitenge.

Alhamisi, 17 Julai

Nimempigia Prisca, nikamwambia yote tangu Juni.

"Kwa hiyo umeumwa mwezi mzima peke yako."

"Haikuwa ugonjwa, ni msuli."

"Sikuulizi ilikuwa nini, Libe. Nakuuliza mimi nilikuwa wapi."

Akasema ataongea nami akishasoma daftari. Akakata.

Ijumaa, 18 Julai

Wabebaji sasa wanaliweka gunia katikati ya bamba. Inawapunguzia dansi na wananilaumu. Nimemwambia Masanja akohoe mbele yangu. Amekataa, anasema yeye si karani.

Jumapili, 20 Julai. Asubuhi, benchi la hospitali, Mbeya

Jana saa nne asubuhi magari matano yalikuwa kwenye foleni. Masanja alitua gunia, kisha akakaa juu ya mizani. Hajawahi kukaa juu ya mizani. Nilitazama bila kukusudia: kilo themanini na nne.

"Msuli tu," akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka, na asubuhi za Julai hapa hazina jasho. "Si kama wako. Hata kitambaa cha maji baridi nimeshaweka."

Alikuwa ameuchukua ugonjwa wangu akajivika, kama mtu anavyoazima koti.

Nikamwuliza kama ni ghafla. Tangu alfajiri. Kama ametapika. Mara mbili. Nikamlaza nyuma ya magunia nikafungua kitenge. Kinenani, upande wa kulia, kulikuwa na uvimbe mkubwa kama kiazi, mgumu, ngozi imeng'aa.

"Una muda gani huu?"

"Miaka mitatu. Nikilala huwa unarudi wenyewe ndani. Leo umekataa." Akanyoosha mkono ausukume. Nikaudaka ule mkono.

Mzee Masumbuko alikuja, akatazama, akasema mwache apumzike, tumalize magari haya matano kwanza, mchana atapelekwa. Ni mtu mwema. Baba yake alikuwa na uvimbe kama huo akafika miaka themanini. Mimi sijawahi kumpinga mtu aliyenizidi umri. Nilisikia sauti yangu ikitoka, nyembamba kuliko nilivyotaka.

"Mzee, mizani imefungwa."

"Unasemaje?"

"Bila karani hakuna gunia linaloingia, na karani anaondoka. Utumbo umebanwa humo ndani. Ukikaa hivyo unakufa, na yeye pamoja nao. Naomba ufunguo wa gari."

Wabebaji wote walikuwa wamesimama. Devota, mwiko mkononi, akasema, "Mpe, Mzee. Huyu anaogopa kila kitu, lakini leo haogopi."

Alikosea. Nilikuwa naogopa kuliko siku zote. Lakini mwezi mzima nilikuwa nimejifunza kuogopa kwa mpangilio, na hofu hii niliijua kwa jina na kwa herufi yake.

Mzee alinitazama, kisha akaingia mwenyewe nyuma ya usukani. Devota alishika kichwa cha Masanja, mimi nilishika miguu. Tulikwenda bila kusimama. Katikati ya njia Masanja alifumbua macho akaniuliza, "Karani, ukinizika utanipima mara mbili?" Nikamwambia nimeshampima mara moja, inatosha.

Walimpasua saa tisa alasiri. Daktari wa upasuaji alitoka akasema utumbo ulikuwa umebadilika rangi lakini walipoufungulia ukarudi kuwa mwekundu. Hawakukata kitu. Angekuja jioni, wangekata. Angekuja leo, hakujua. Mzee Masumbuko alivua kofia. Devota aliketi sakafuni akalia huku ameshika mwiko; tulikuwa tumesafiri nao.

Asubuhi hii Masanja ameamka. Jambo la kwanza alilosema ni kwamba daktari amemkataza kucheka, kwa hiyo nisitembee mbele yake.

Saa tano Jackline ametuma rekodi. Tangazo la tatu. Mwenye kujua kizuizi chochote. Baada ya pale Padri Faustin amekaa kimya kirefu kuliko Jumapili zilizopita. Najua alikuwa ananisubiri.

Hakuna aliyejitokeza. Hata mimi.

Jumanne, 22 Julai

Nilimtumia Prisca habari za Masanja. Amejibu kwa ujumbe: "Mlete harusini, hata kwa machela."

Ijumaa, 25 Julai

Magunia sitini. Msimu unaisha. Halikuuma.

Jumamosi, 2 Agosti. Ilula, asubuhi

Ukungu umeshuka hadi kwenye mabanda ya nyanya. Suti inanibana mabegani. Nilifikiri nichane ukurasa wa tarehe 13 Julai. Nilifika hadi kuukunja. Lakini alisema yaliyokuwepo, na ule ulikuwepo. Nimeunyoosha. Jackline yuko mlangoni, anasema gari limewaka. Nakabidhi.

Jumapili, 3 Agosti

Anayeandika sasa ni mimi, Prisca. Nimesoma lote asubuhi hii, yeye amelala.

Naandika ya jana kwa sababu mwenyewe hakuyaona vizuri, alikuwa analia. Ubaruku walikuja watu kumi na wanne na gunia la mchele. Tulipoingia ukumbini MC akaita wageni wa bwana harusi waje na zawadi. Walikuja mstari mmoja, Devota mbele na mwiko, shingo zimenyooka, kalamu hewani, wakilisogeza lile gunia sakafuni kwa ubavu wa mguu. "Sogeza, karani, sogeza." Shangazi zangu wa Kihehe hawakuuliza maana; waliingia mstarini. Padri Faustin aliingia mstarini. Mzee Masumbuko alikuwa anakosea mguu. Masanja alikaa kwenye kiti chake, mto juu ya tumbo, akiongoza kwa kidole na kuomba watu wasimchekeshe. Gunia lilifika miguuni pangu. Likakaa katikati kabisa.

Ukurasa wa tarehe 13 Julai nilitaka kuuchana mimi. Karatasi ni nzuri mno. Lakini ajue: akiumwa tena hata ukucha, mimi ndiye paroko.

Sasa hivi usingizini mguu wake wa kulia unalisukuma blanketi, umelileta lote upande wangu. Daktari alisema mguu huo upumzike. Nimeushika.